Pikipiki Iliyokaa Saluni

Alipokata kona ya kuingia mtaani kwao akaona watu wamejaa mlangoni pake, kimya, wanaume wamevua kofia na wanawake wameshika videvu, alijua kuna msiba. Alizima injini palepale, akaiegemeza pikipiki yake ndogo kwenye ukuta wa jirani, boksi la damu bado limefungwa nyuma, akaanza kwenda kwa miguu.

"Ni mama?" alimwuliza mwanamke wa kwanza aliyemfikia. Mama mkwe wake alikuwa ameamka na kizunguzungu asubuhi ile. "Niambie tu. Ni mama?"

"Mama yupi tena?" yule mwanamke alijibu bila kugeuka. "Hebu pita uone mwenyewe. Mungu wangu."

Watu wakampisha. Katikati yao mama mkwe alikuwa amesimama mzima kabisa, kanga begani, kiganja kimewekwa juu ya tangi la pikipiki kubwa ya bluu kama mtu anayempima mtoto homa. Kando yake alisimama mwanawe, Kinyozi, na koti lake jeupe la kazi, uso unang'aa kwa jasho na furaha.

"Ndiyo hiyo," alisema. "Ya kwako."

Mkewe alisogea hatua moja karibu. Mtaani walimwita Dada Damu, kwa sababu kazi yake ilikuwa kubeba damu na sampuli baina ya zahanati na maabara kuu, na kwa miezi saba sasa alikuwa akiibeba juu ya kipikipiki chenye sauti ya cherehani ambacho wateja wa mumewe walikiita Kibiriti. Alikuwa ameziona pikipiki za aina hii zikimpita barabarani. Hakuwahi kusimama karibu na moja. Ilikuwa imeinama mbele, mkia juu, imetulia namna ya mnyama anayetulia kwa kutaka mwenyewe. Tairi la nyuma lilikuwa pana kama mto wa kulalia. Ndani ya ile bluu aliuona uso wake, umevutwa, mdomo wazi.

"Iwashe!" mtu alipaza sauti.

"Nina damu ya watu kule ukutani," alisema. "Naipeleka kwanza."

Akageuka, akapita tena katikati ya watu, akakiwasha Kibiriti. Wapo waliocheka kusikia kilivyolia. Yeye hakuwasikia. Njia nzima mpaka maabara alikuwa akiona bluu.

*

"Ulitoa wapi fedha?" aliuliza jioni, mezani, mama mkwe akiwa kati yao na sahani yake.

"Zamu yangu ya upatu imetoka. Na ile akiba ya kiti cha pili."

"Kiti cha pili cha saluni? Kile ulichokililia mwaka mzima?"

"Kiti kitasubiri."

"Na mimi umeniuliza?"

"Zawadi inaulizwa, mke wangu?"

Mkewe alisukuma sahani mbele. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Akikasirika sauti ilishuka, na sasa ilikuwa imeshuka mpaka mama mkwe, ambaye sikio lake moja halikuwa zuri, akasogeza kiti. "Nina miezi saba barabarani. Juzi tu ndiyo nimeacha kuota kwamba nimesahau breki iko wapi. Nani amekwambia niko tayari kwa kitu kama kile?"

Kinyozi aliangalia vidole vyake. Ukweli ulikuwa mdogo na wa aibu, na ulimchukua muda kuutoa. Ijumaa moja mkewe alimpakia nyuma ya Kibiriti, na kwa kuwa yeye ni mrefu na kile ni kifupi, magoti yake yalitokeza pande zote mbili kama mabawa ya kuku. Walipita mbele ya saluni. Wateja walikuwa wamekaa nje kwenye benchi, na kati yao alikuwepo Mwenye Lori, mtu mwenye malori matatu na mdomo unaozishinda injini zote. Tangu siku ile hakuna aliyekaa kwenye kile kiti bila kuulizia magoti. "Fundi, leo umekuja kwa mbawa?" "Fundi, mkeo akipiga kona, wewe unataga?"

"Nimechoka kuchekwa," alisema.

"Kwa hiyo mimi nipande kifo ili wewe usichekwe."

"Sikusema hivyo."

"Umesema."

Mama mkwe aliweka kijiko chini. "Mimi niliigusa," alisema, kana kwamba hakusikia lolote, na pengine hakusikia. "Ilikuwa imezimwa, lakini ilikuwa na joto. Nilihisi kama inaniona."

 Mkazamwana wake alimtazama, kwa sababu ndivyo yeye mwenyewe alivyohisi, na hakuwa radhi kusema. Kabla ya kulala alitoka nje na funguo. Alitaka tu kusikia. Alipobonyeza, sahani zilitetemeka jikoni, na ule mngurumo ukapanda kutoka kwenye viti vya miguu ukamwingia magotini, tumboni, ukatua kifuani karibu na moyo na kuuuliza kitu. Aliizima haraka. Mikono ilibaki inawasha.

*

Jumapili asubuhi waliitoa. Yeye ndiye aliyesema watoke, na mumewe alikuwa na busara ya kutouliza kwa nini amebadilika. Walivaa helmeti wote wawili. Mtaani alikwenda polepole, taratibu kama mtu aliyebeba sufuria la uji, na Kinyozi akanyoosha mgongo na kuwapungia watu. Mwenye Lori alikuwa mlangoni kwake. Hakupunga, lakini aliacha kutafuna.

Baada ya nyumba za mwisho barabara ilinyooka, kavu, tupu, mashamba huku na huku.

"Twende basi!" Kinyozi alipiga kelele kwenye helmeti yake.

Mkewe akazungusha mkono wa kulia, akaongeza mafuta.

Hakuna kitu maishani mwao kilichokuwa kimewaandaa. Dunia ilivutwa kutoka chini yao kama shuka la kitanda. Miti iliyokuwa ikihesabika mmoja mmoja ikawa ukuta. Kinyozi alitaka kupiga yowe la furaha, akakuta pumzi imebaki nyuma. Mbele yake, kifua juu ya tangi, mkewe hakuwa na uzito tena wala jina. Alikuwa jicho tu, na barabara nzima ilikuwa inaingia ndani ya jicho hilo. Alicheka. Hakujua kwamba anacheka. Alifikiri, kumbe siku zote hii ilikuwepo, na mimi nilikuwa naishi kando yake.

Kisha ikaja kona.

Haikuwa kona kali. Kwenye Kibiriti angeipita huku akifikiria bei ya mkaa. Lakini aliifikia kabla hajaamini kwamba ameifikia, na ukingoni akaona changarawe, na mkono wake wa kulia, kwa hofu, ukakaza. Kwenye pikipiki ndogo mkono ukikaza, injini inalalamika kidogo tu. Hii iliichukua hofu yake ikaifanya amri. Iliruka mbele. Kona ikaenda kushoto, wao wakaendelea moja kwa moja, wakavuka ukingo, wakavuka mtaro mfupi kwa kishindo kilichowagonganisha meno, wakaingia shamba la maharage wakilichana mstari mrefu, mpaka ile pikipiki ilipochoka yenyewe, ikayumba na kulala ubavu taratibu, ikiwamwaga kwenye majani.

Injini ikazimika. Panzi wakaanza tena kulia, mmoja kwanza, halafu wote.

"Umeumia?" aliuliza mkewe, akiwa chali.

"Sijui. Wewe?"

"Sijui."

Walilala pale wakiangalia mbingu. Ilikuwa juu sana, na bado ilikuwepo. Kinyozi alianza kucheka, na kicheko kikageuka njiani kikawa kitu kingine, akafunika uso kwa mikono. Suruali yake ilikuwa imepasuka kutoka mfukoni hadi gotini.

Kivuli kikawaangukia. Mwanamke mwenye jembe alikuwa amesimama juu yao.

"Mkishapumzika," alisema, "mtaniambia maharage yangu nayadai kwa nani."

Kinyozi alimpa kila kilichokuwa mfukoni, akaomba radhi mara nyingi. Yule mwanamke aliwasaidia kuisukuma mpaka barabarani, na alipoishika tu uso ulimbadilika, akaacha kugomba. "Na nyie ni watu wa kupanda kitu kama hiki?" aliuliza. Hakukusudia kuwadharau, alitaka kujua kweli.

Kioo kimoja kilikuwa kimevunjika na bluu ilikuwa imechubuka ubavuni. Vinginevyo ilikuwa nzima, na iliwaka mara ya kwanza. Kinyozi alinyanyua mguu apande.

"Hapana," mkewe alisema. "Wewe tembea."

"Nitembee? Mpaka nyumbani?"

"Sikupakii juu ya hii. Leo hapana." Midomo yake ilikuwa myeupe. "Unajua kilichonitisha? Si ile kuanguka. Nilipenda. Mpaka tunaingia kwenye maharage nilikuwa bado napenda. Mtu anayependa kitu namna hiyo na hajui kukisimamisha, asimpakie mume wa mtu."

"Mume wa nani?"

"Wangu. Tembea."

Aliondoka kwa gia ya pili, taratibu, akiangalia kila jiwe. Kinyozi akatembea. Jua lilikuwa limepanda, na suruali ilipepea, na akili yake ilikuwa mbali kiasi kwamba alipoingia mtaani kwao alasiri hakujua kwa nini watu wanatoka milangoni. Alipofika mbele ya saluni yake ndipo Mwenye Lori alipomwambia, kwa sauti iliyofika hadi kisimani:

"Fundi! Pikipiki iko wapi? Au ndiyo hiyo umeivaa kichwani?"

Akapeleka mkono juu. Helmeti ilikuwa bado imefungwa kidevuni. Alikuwa amevuka nusu ya mji nayo.

*

Jumatatu waliirudisha kwa muuzaji. Duka lake lilikuwa na vigae vinavyoteleza na feni iliyozipepea pikipiki tu. Muuzaji aliizunguka, akagusa mchubuko kwa kidole, akanyonya meno.

"Naweza kuichukua," alisema, "kwa nusu."

"Nusu!" Kinyozi alisema. "Haijalala kwetu hata juma moja!"

"Imelala shambani, kaka. Hilo linatosha." Kisha akamgeukia mwanamke, akatabasamu kwa huruma. "Usijisikie vibaya, dada. Mashine hizi ni nzito kwa mikono kama yako. Ikikushinda si aibu. Nina skuta nzuri hapa, nyekundu, ina kikapu mbele."

Kinyozi alikuwa tayari kukubali. Nusu ni nusu. Angenunua walau kioo cha saluni. Lakini mkewe alikuwa anaiangalia ile bluu, na kule kucheka bila kujua kulimrudia mwilini, na baada yake ile kona.

"Haijanishinda," alisema. "Hatujaanza."

"Samahani?"

"Siiuzi. Nitaipanda nitakapokuwa tayari."

"Na hiyo ni lini?" muuzaji aliuliza, bado anatabasamu.

"Sijui. Nikijua sitakuja kukuambia."

Nje, Kinyozi alimshika mkono. "Mke wangu, tutaiweka wapi? Uani ni uchochoro. Ndani mama analala."

Ikawekwa saluni. Palikuwa na nafasi moja tu ya kuitosha, pale pale ambapo kiti cha pili kingesimama, na hapo ilikaa, imefunikwa pazia la zamani lenye maua. Wateja walipita ubavu ubavu kuifikia sinki. Nywele zilirukia pazia, Kinyozi akalikung'uta kila jioni. Na Mwenye Lori, aliyekuja kunyolewa ndevu kila Jumapili hata kama hazijaota, alijaliwa riziki ya maneno ambayo hakuitegemea.

"Fundi, huyu mteja wako hanyolewi? Amefunikwa shuka miezi sasa."

"Anasubiri zamu yake," Kinyozi alijibu.

"Anamsubiri nani?"

"Mke wangu."

"Na mkeo anasubiri nini?"

Siku za mwanzo maswali hayo yalimchoma, na wembe ulimtaka asimame, apumue, ndipo aendelee. Baadaye yalipungua makali. Hakujua yalipunguaje. Labda ni kwa sababu yeye alikuwa amelala chali kwenye yale maharage na Mwenye Lori hakuwa.

Mkewe alirudi kwenye Kibiriti, lakini hakurudi vile vile. Kila Jumapili asubuhi alikwenda na mwenzake wa kazini kwenye uwanja wa mnada wa ng'ombe, ambao siku hiyo hukaa mtupu. Mwenzake huyo alikuwa mwanamke mnene mwenye pikipiki kubwa nyeusi na bega moja lililo chini kuliko jingine, walimwita Chuma. Walipanga makopo chini. Chuma alisimama katikati, mikono kiunoni, akapiga kelele.

"Macho! Unaangalia kopo la nini? Utaligonga kopo! Angalia unakokwenda!"

Alimfundisha kwenda polepole mpaka mtu anayetembea ampite. Alimfundisha kusimama ghafla kwenye kavu, kisha wakamwaga ndoo za maji, akasimama kwenye matope. Alianguka. Aliinuka na viwiko vimetoka ngozi. Alianguka tena. Zipo Jumapili alizorudi nyumbani hasemi na mtu, na mama mkwe akamwekea maji ya moto bila kuuliza.

Kinyozi alikwenda kuangalia mara moja, kabla ya kufungua saluni. Alimkuta Chuma ukingoni anakunywa chai ya chupa.

"Dada, niambie kweli," alisema. "Atakuwa tayari lini?"

Chuma alimeza kwanza. "Mimi sikujiuliza swali hilo," alisema. "Nilianza na ndogo kama yake. Ilipotimia miezi minne nikaona najua, nikanunua kubwa." Akavuta kola ya blauzi pembeni. Kovu lilianzia shingoni likashuka, pana, linang'aa. "Unadhani jina hili nilipewa kwa ajili ya ushujaa? Ni vyuma viwili, viko humu ndani. Wakati wa baridi navisikia." Akarudisha kola. "Mkeo ameiweka pembeni wakati funguo anazo. Sijawahi kuona mtu akifanya hivyo. Mimi namheshimu kuliko anavyojua, kwa hiyo usimwambie."

Kule uwanjani, Kibiriti kilikuwa kinapita kati ya makopo kama uzi kwenye sindano.

*

Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi siku ambayo kibebeo cha Kibiriti kilikatika. Wodi ya wazazi ilikuwa inasubiri damu, fundi wa kuchomelea alikuwa amefunga, na boksi halikuwa na pa kukaa. Dada Damu alisimama mlangoni mwa saluni, maji yanamchuruzika.

"Vua koti," alimwambia mumewe. "Utapakata boksi."

Benchi lilikuwa limejaa watu waliojificha mvua. Kinyozi aliacha kichwa cha mtu nusu, akatoka, akapanda, magoti yakatokeza. Alisikia vicheko nyuma yake na, kwa mshangao wake, havikumgusa. Alikuwa ameshika damu ya mtu.

Barabara ilikuwa mto. Magari yalirusha maji ya kahawia, na mkewe alikuwa anapiga hadithi kama mtu aliye jikoni, akipaza sauti kidogo tu kuipita mvua. Mkuu wa maabara alikuwa amejifungia chooni, kitasa kimeharibika, simu ameiacha mezani.

"Basi akaanza kugonga," alikuwa anasema, "na sisi tukadhani ni mafundi wa bomba, kwa hiyo mhudumu akamwambia—"

Mlango wa teksi ulifunguka mbele yao. Wote, wazi kabisa, na mguu wa mtu ukitoka.

Kinyozi aliuona. Aliona pia, upande wa pili, mkokoteni wa mabati ukija, makali ya mabati yametokeza. Aliona kwamba baina ya mlango na mabati hapakuwa na njia. Alilikumbatia boksi akafumba macho. Halafu, kwa kuwa hakuna kilichotokea, akayafumbua, na kile alichokiona alikiona vizuri, kana kwamba mvua imesimama hewani ili atazame. Bega la mkewe lilikuwa limekwisha shuka. Lilishuka kabla. Kichwa chake hakikuwa kwenye mlango wala kwenye mabati. Kilikuwa kimegeukia pale penye nafasi, ambayo ilikuwa ndiyo kwanza inazaliwa. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelegea, laini, kama mkono wa mtu anayembeleza mtoto. Kipikipiki kikajilaza, kikanyooka, kikajilaza upande wa pili. Mabati yalipita karibu na goti la Kinyozi, akasikia upepo wake. Kisha yakawa nyuma.

"—'subirini zamu yenu,'" mkewe alimalizia. "Kumbe ni bosi! Anagonga kwa kiatu!"

Akacheka peke yake. "Hukucheka," alisema baadaye kidogo. "Au hukusikia?"

Kinyozi alizidi kulikumbatia boksi.

Mkunga alilipokea boksi mlangoni, akakimbia nalo. Mlango ulifungwa. Walibaki kwenye ukumbi mrefu wenye madirisha ya juu, maji yanawatoka nguoni na kufanya dimbwi kwenye sakafu iliyopigwa deki sasa hivi, na mhudumu wa usafi akiwatazama kwa chuki.

"Ule mlango," Kinyozi alisema hatimaye.

"Mlango gani?"

"Wa teksi."

Alikunja uso kutafuta. "Aa. Ule. Umefanyaje?"

"Umefanyaje?" Sauti yake iligonga kuta ikarudi. "Tulikuwa tumekufa! Mabati huku, mlango huku! Na wewe unaongea habari za choo!"

Alimtazama mumewe. Kisha taratibu akaangalia mikono yake mwenyewe, akaigeuza, viganja juu, viganja chini, kama mtu anayerudishiwa kitu alichoazima na kukikuta kimekuwa kizuri zaidi. 

"Sikukaza," alisema.

"Hukukaza."

"Sikufikiri hata."

"Niliona," alisema Kinyozi. Alikuwa analia, lakini alikuwa amelowa kiasi kwamba haikuonekana. "Mimi nilikuwa nyuma yako. Niliona yote."

Nyuma ya ule mlango mtoto mchanga alianza kulia. Hawakujua ni wa nani, wala kama ile damu ilikuwa ya mama yake. Walisimama wakamsikiliza mpaka mhudumu alipowaambia waondoke na maji yao.

*

Hakuitoa siku iliyofuata wala wiki iliyofuata. Alibadilisha kioo kilichovunjika. Alimwomba Chuma aikague mnyororo na breki, kisha akaizungusha kwenye uwanja wa mnada, kati ya makopo yale yale, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Jumapili iliyofuata pia. Wala hakumwambia mtu kwamba ameamua. Asubuhi moja yenye ukungu mwepesi aliingia tu saluni na jaketi lake na glavu, akavuta pazia, na watu wakajua.

Mwenye Lori alikuwa kitini, povu shavu zima, upande mmoja umekwisha nyolewa. Alifungua mdomo. Ilikuwa tayari, ile kauli. Kinyozi aliiona ikipanda kooni. Lakini mwanamke alikuwa anaisukuma ile pikipiki kuelekea mlangoni, peke yake, kwa nyonga, uzito wote ule ukimfuata kwa utii kama ng'ombe anayemjua mwenyewe, na Mwenye Lori, ambaye alikuwa amekaa nyuma ya usukani tangu ujana wake, alijua alichokiona. Akafunga mdomo, akameza povu kidogo.

"Mpishe shemeji," aliwaambia watu wa benchi.

Iliwaka. Vioo vya saluni vikaimba kwenye misumari yake. Kinyozi alisimama na wembe mkononi. Alitaka kumwambia awe mwangalifu, na akaona kwamba neno hilo halikuwa lake tena kulitoa. Mkewe alishusha kioo cha helmeti, akageuza kichwa kuangalia njia, akaondoka bila haraka.

Wote walitoka nje. Hawakumwona tena, lakini walimsikia. Alikata kona ya kwanza, akapita sokoni, akapanda kilima. Gia moja ilimkabidhi kwa nyingine, laini, bila kushtuka. Kisha alifika pale barabara inaponyooka, na sauti ikafunguka. Mtaa mzima uliisikia ikifunguka. Mwanamke aliyekuwa anafua alisimama na nguo mkononi. Ilipanda na kupanda, safi, haina hofu ndani yake, ikawa nyembamba, ikawa uzi, na uzi ukaingia kwenye ukungu. 

"Miaka yote hii," Mwenye Lori alisema polepole, povu linamkaukia shavuni, "mimi nimekuwa nasukuma malori tu."

Aliporudi alikuja taratibu, akasimama mlangoni, akazima. Alipovua helmeti uso wake ulikuwa umelowa machozi ya upepo na alikuwa anaonekana mdogo, kama alivyokuwa kabla hawajaoana. Kinyozi alitaka kumfuata, lakini mama yake, aliyevutwa na ile sauti kutoka nyumbani, alimtangulia.

"Ikoje?" bibi yule aliuliza, akiinua sikio lake zima. "Niambie. Ikoje?"

Mkwewe alijaribu. Alianza neno, akaliacha, akaanza jingine. Mwishowe aliushika mkono wa yule bibi akauweka juu ya kifua chake, juu ya jaketi, akauacha hapo. Bibi aliinamisha kichwa kama anayesikiliza kupitia ukuta. Macho yalimpanuka.

"Nipandishe," alisema.

"Mama!" Kinyozi alisema.

"Nyamaza wewe, una mtu hujammaliza kitini. Mwanangu, nipandishe."

"Bado, mama," alisema Dada Damu. "Niache niizoee kwanza. Sikupakii mpaka niwe na hakika."

"Lini?"

"Nitakwambia. Siku ikifika mimi mwenyewe nitakuja kukuchukua."

Bibi alifikiri juu ya jibu hilo, akaliona ni la haki. Akaenda nyumbani. Aliporudi alikuwa amevaa viatu vyake vya kutokea na kitambaa kipya kichwani, mkoba umebanwa kwapani. Akakaa kwenye benchi la wateja, mahali penye kuiona vizuri ile bluu, akaweka mkoba mapajani, akaanza kusubiri.